Gesi ya mtungi ipoze intakula, isimezwe na injini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua kujibu makala ya magari iliyowashauri wenye gari za turbo, yaani zenye feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, watoboe paipu ya hewa, wafunge nozeli ya hewa ukaa, yaani CO2, na kupuliza gesi hiyo ndani ili "hewa iwe baridi na gari liongeze nguvu". Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine inaiba nguvu badala ya kuiongeza, na jinsi mtungi ulivyochorwa umelala nyuma ya kiti bila bomba la kutolea gesi nje, mtu anaweza kupoteza maisha. Sisi ni mafundi wa injini za turbo na hatuipingi kazi hiyo. Tunachotaka ni ifanywe inavyopaswa.

Tuanze na iliyo kweli. Hewa ikipoa inajibana, na silinda ya ujazo uleule inapokea hewa nyingi zaidi kwa uzito. Hesabu yake hufanywa kwa nyuzi za Selsiasi zikiongezwa 273. Hewa ya nyuzi 58 inakuwa 331, ya nyuzi 38 inakuwa 311. Gawanya 331 kwa 311 upate 1.064: kwa presha ileile, umepata asilimia 6 na ushee ya hewa zaidi. Kwa mkato, kila nyuzi 3 unazopunguza zinakupa takriban asilimia 1. Petroli nayo ikiongezwa kwa kiasi hicho, nguvu inapanda kwa karibu kiasi hicho.

Na hewa ya turbo ni moto kweli. Ikishindilia hewa ya Dar es Salaam ya nyuzi 30 hadi baa 1 juu ya presha ya kawaida, na feni yake ina ufanisi wa asilimia 70, hewa inatoka na nyuzi 125 hivi. Intakula, ile redieta inayopoza hewa ikitoka kwenye turbo kwenda kwenye injini, ikiwa nzima na ikipata upepo wa kutosha inaondoa asilimia 70 ya ongezeko hilo, kwa hiyo injini inapokea hewa ya nyuzi 58 au karibu na hapo. Hiyo ni barabarani, gari likikimbia. Intakula iliyokaa juu ya injini, kama ya Subaru Forester na Impreza, ikikaa kwenye foleni inapigwa joto la injini kutoka chini na haina upepo wowote. Inageuka sufuria iliyobandikwa jikoni. Ukikanyaga mafuta wakati huo, badala ya kupoza hewa inaipasha.

Sasa tuje kwenye kosa. Hewa ukaa haina oksijeni ya kuunguza petroli. Ni gesi ileile inayotoka kwenye ekzosi, na ileile inayojazwa kwenye mitungi ya kuzimia moto. Chukua injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi 250. Ikivuta kwa nguvu zote inameza takriban gramu 190 za hewa kila sekunde. Pulizia ndani gramu 38 za hewa ukaa kwa sekunde. Baridi yote ikitumika, hewa itashuka kama nyuzi 40, na kwa hesabu ya hapo juu ungetarajia asilimia 12 au 13 ya nyongeza. Lakini gesi uliyopuliza nayo inataka nafasi: kwa kila sehemu 100 za hewa, umeingiza sehemu 12 au 13 za kitu kisichoungua. Oksijeni inayofika silindani inabaki ileile. Juu ya hapo, hewa ukaa inaupunguza moto kasi, na nguvu inashuka chini ya pale ulipoanzia.

Na kompyuta ya gari inadanganyika. Gari linalopima hewa kwa presha ya manifoldi, ile paipu inayogawa hewa kwenye silinda, kama Toyota nyingi zenye injini ya 1JZ-GTE, linaona presha tu. Halijui kwamba sehemu yake ni hewa ukaa. Linamwaga petroli ya kulingana na presha hiyo, ekzosi inatoa moshi mweusi, plagi zinalowa, injini inakosa moto. Nozeli ikiwekwa kabla ya turbo ni balaa zaidi, kwa sababu gesi hiyo hutoka na punje za barafu, na feni ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Kwa hiyo mahali pa gesi hii ni nje ya chuma. Inapulizwa juu ya mapezi ya intakula, upande ule ambao upepo wa barabarani hupita. Njia ya pili ni kuipitisha ndani ya kibofu cha chuma kilichofungwa kabisa, kilichowekwa katikati ya paipu ya hewa, gesi iingie na kutoka nje ya gari bila kugusana na hewa ya injini. Kampuni ya Design Engineering ya Marekani huuza mifumo ya aina zote mbili kwa jina la CryO2. Kwa gari za huku tunapendelea ya kwanza, maana kibofu kinaziba sehemu ya njia ya hewa.

Kabla hujanunua hata klipu moja, tazama intakula yenyewe. Gari nyingi zilizotoka Japani zikiwa zimetumika zina mafuta ya injini ndani ya intakula, yaliyopita kwenye sili ya turbo au paipu ya kupumulia ya injini. Utando huo unazuia joto kutoka, na mvuke wake ukiingia silindani unaifanya injini igonge, yaani petroli ilipuke yenyewe kabla ya wakati wake. Ifungue, imwagie mafuta ya taa, itikise, imwage, rudia mpaka yatoke safi, kisha ikaushe kabisa kwa upepo wa kompresa. Mapezi yaliyolala yanyooshwe moja moja. Raba inayoziba kati ya boneti na intakula kwenye Subaru mara nyingi imeshakatika au haipo; bila raba hiyo upepo unapita pembeni badala ya kupenya. Halafu ziba paipu upande wa kichujio, ingiza upepo wa baa 1, paka povu la sabuni kila kiungo. Povu likivimba, kaza klipu au badilisha mpira. Mara nyingi gari lililoletwa kufungwa mtungi linapata nguvu yake yote hapo, na mtungi hauhitajiki tena.

Kama bado unautaka mtungi, jua unachonunua. Kilo 1 ya hewa ukaa ya majimaji, ikitoka na kupata joto hadi lile la hewa ya huku, inaweza kubeba joto la takriban kilojuli 200. Nusu yake inapotea: barafu nyingine inaruka kwenye mapezi bila kuyagusa sawasawa, nyingine inapeperushwa na upepo. Hesabu kilojuli 100 zenye manufaa. Kuishusha hewa ya ile injini yetu ya farasi 250 kwa nyuzi 20 kunataka kilojuli 3.8 kila sekunde, sawa na gramu 38 za gesi kwa sekunde. Mtungi wa kilo 5 unakwisha kwa sekunde 131. Kwa mbio za sekunde 10 unapata vipindi 13 kwenye karatasi. Panga 10, kwa sababu mwishoni presha inalegea. Faida kwenye karatasi ni farasi 16. Barabarani usitarajie zaidi ya 10 au 12. Hicho ndicho kitu chenyewe: farasi kumi na kitu kwa sekunde kumi. Kwa mashindano ya mstari mnyoofu inafaa. Kwa lori linalopanda mlima Kitonga na mzigo haifai kitu, mtungi utakuwa umeisha kabla ya kona ya tatu.

Mtungi uwe na bomba la ndani linalofika chini kabisa, ili kinachotoka kiwe majimaji. Mitungi ya kuzimia moto ya CO2 inalo. Ya kuchomelea kwa kawaida haina, inatoa gesi ya juu tu. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Majimaji yakigeukia gesi ndani ya mtungi, baridi inabaki mtungini. Utauona mtungi wenyewe ukitoka jasho kisha ukivaa barafu nyeupe kuanzia chini, huku intakula iko vilevile. Umeupoza mtungi.

Kutoka mtungini tumia mpira wa presha wenye tefloni ndani na waya wa chuma cha pua uliosukwa nje, wa robo inchi. Vali ya umeme, yaani solenoidi, iwe imeandikwa kuhimili baa 120 kwenda juu, na mshale wake uelekee kwenye nozeli. Ya maji au ya gesi ya kupikia usiifikirie. Iendeshe kwa rilei ya ampea 30, fyuzi ya 20, waya wa milimita mraba 2.5 kutoka betri. Swichi ziwe mbili zilizofungwa kwa mfululizo: moja ya mkono kwenye dashibodi, nyingine ya presha kwenye manifoldi inayofunga mzunguko turbo ikifika baa 0.5. Hivyo gesi haitoki ukiwa umesimama kwenye taa.

Kati ya vali ya mtungi na solenoidi lazima iwepo vali ndogo ya kupunguzia presha, inayojifungua yenyewe presha ikizidi. Hii haikutajwa kabisa kwenye makala. Ukifunga mtungi na solenoidi nayo imefungwa, majimaji yanabaki yamenaswa kwenye mpira. Boneti ikipata moto, majimaji hayo hayana pa kutanukia. Mpira unapasuka kama risasi, muda mrefu baada ya kila mtu kuamini kwamba mfumo umefungwa.

Nozeli zenye tundu la milimita 0.5, nne au tano, zipangwe kwenye bomba la shaba lililopinda kufuata umbo la intakula, sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye mapezi. Usikisie zinatoa kiasi gani. Pima mtungi kwenye mizani, iruke swichi ya presha kwa muda, fungua sekunde 10 gari likiwa limezimwa na liko mahali pa wazi, pima tena. Uzito uliopungua ugawe kwa 10. Ukipata gramu 60, punguza nozeli moja. Ukipata 20, ongeza. Mizani ndiyo itakayokwambia pia mtungi umebaki na nini, kwa sababu geji ya presha haisemi kweli: maadamu ndani kuna tone la majimaji, presha inabaki ileile kwa joto lile. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa begani mwake.

Elekeza nozeli kwenye mapezi tu. Vichwa vya pembeni vya intakula nyingi ni vya plastiki, vimebanwa na raba. Raba ikipigwa na barafu ya nyuzi 78 chini ya sifuri inasinyaa na kuvujisha hewa ya turbo wakati hasa unapoihitaji. Kwenye Subaru weka bati chini ya intakula, upande wa turbo, barafu isidondokee kwenye ekzosi ya chuma cha kalibu ambayo imeiva nyekundu. Itapasuka. Bomba la nozeli liunganishwe kwa waya na bodi ya gari: barafu ya hewa ukaa ikitoka kwa kasi hujaza chaji ya umeme, na cheche karibu na mpira wa petroli unaovuja haihitaji kuelezwa zaidi.

Puliza kwa vipande: sekunde 1 wazi, sekunde 1 hadi 2 imefungwa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ukipuliza mfululizo, unyevu unaganda kati ya mapezi, ukuta wa barafu unajengeka, na upepo wa barabarani unashindwa kupita. Baada ya gesi kuisha, intakula hiyo inafanya kazi vibaya kuliko kabla hujaanza, mpaka barafu iyeyuke.

Hapo tunafika kwenye kinachoua pistoni. Wengi wakishapata hewa baridi huongeza taiming, yaani huwahisha cheche ya plagi, kwa nyuzi 2 za mzunguko wa injini, na kweli gari linavuta. Kisha mtungi unaisha katikati ya gia ya tatu. Hewa inarudi nyuzi 58 au zaidi, taiming iko palepale, injini inagonga, na kwa presha ya baa 1 mgongo mfupi wa pistoni kati ya ringi unaweza kuvunjika kwa mara chache tu za kugonga. Usiweke taiming ya hewa baridi isipokuwa kompyuta ina sensa ya joto baada ya intakula na jedwali la kurudisha taiming nyuma hewa ikipanda. Subaru nyingi zina sensa ya joto la hewa ndani ya mita ya hewa karibu na kichujio, kabla ya turbo. Skana itakuonyesha nyuzi 35 muda wote na hutajua lolote kuhusu kinachoingia silindani. Funga thamokapo, yaani kipimajoto cha waya, kwenye paipu baada ya intakula, isome bila gesi, kisha na gesi. Kama tofauti haifiki nyuzi 10, mfumo haufanyi kazi, hata kama moshi mweupe chini ya boneti unapendeza macho. Uwiano wa hewa na petroli chini ya presha ubaki kati ya 11.5 na 11.8 kwa 1. Ukipanda kuelekea 12.5 acha mguu, petroli haitoshi.

Gari za dizeli zinataka neno moja tu: kupoza hewa hakuongezi nguvu mpaka dizeli iongezwe. Faida utakayoiona ni joto la ekzosi kushuka na moshi kupungua.

Sasa mtungi wenyewe. Hewa ukaa ya mtungini kwa nyuzi 0 ina presha ya baa 35, kwa nyuzi 20 baa 57, kwa nyuzi 30 baa 72. Ikivuka nyuzi 31 hakuna tena majimaji wala gesi mbalimbali, ni kitu kimoja, na presha inapanda kwa kasi kwa kila nyuzi. Makala nyingi za Ulaya hazilitilii uzito jambo hili kwa sababu kwao si la kila siku. Dar es Salaam nyuzi 31 ni saa nne asubuhi. Buti la gari lililoachwa juani linapita 50, na mtungi uliojazwa kawaida unapita baa 100 kwa mbali. Madhara ni matatu: solenoidi inashindwa kuinua vali kwa sababu presha imeikandamiza; kilo 1 ya gesi moto inabeba baridi kidogo kuliko kilo 1 ya gesi baridi; na kisahani cha usalama kwenye vali kinaweza kupasuka, kikatoa mtungi mzima kwa muda mfupi. Tunasisitiza mtungi usijazwe zaidi ya kilo 0.65 kwa kila lita 1 ya ujazo wake, ufunikwe kwa kitambaa chenye maji, na usiachwe ndani ya gari lililoegeshwa. Mtungi ukiwa nyuzi 15 hadi 20 utatoa vizuri kuliko ulioachwa juani. Tazama pia tarehe ya kupimwa iliyochapwa begani. Mitungi ya aluminiamu ya Marekani yenye alama ya 3AL hupimwa upya kila miaka 5. Iliyopitwa na muda isijazwe na mtu yeyote.

Kisahani kikipasuka, gesi inakwenda wapi? Forester, Impreza wagon na gari zote ambazo buti na viti ni chumba kimoja, inakwenda kwa dereva. Kabini ina lita 3,000 hivi. Kilo 1 ya hewa ukaa kwa joto letu inatoa zaidi ya lita 550. Nusu kilo tu ikivuja, na vioo vimefungwa kwa ajili ya AC, ni asilimia 9 ya hewa unayovuta. Asilimia 4 tayari inahesabiwa hatari kwa maisha. Kwenye 10 mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache. Gesi hii ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, inatulia chini, na anayevuta wa kwanza ni mtoto aliyelala kiti cha nyuma. Kwa hiyo kisahani cha usalama kifungwe bomba la chuma linalotoboa sakafu na kutoka nje ya gari, mtungi ufungwe kwa mikanda miwili ya chuma yenye bolti za milimita 8 zilizopita kwenye bodi na bati nene upande wa chini. Skrubu za kwenye kapeti hazishiki kilo 15 za chuma gari likigonga.

Kuna gesi nyingine zinazotajwa vijiweni. Gesi ya kupikia inapoza vizuri sana na italipua gari, haina mjadala. Oksijeni ya kuchomelea ikiingizwa kwenye injini inayeyusha pistoni, na ikikutana na mafuta yaliyo ndani ya intakula inaweza kuwaka yenyewe. Gesi ya AC, R134a, inauzwa kwenye makopo kila kona, ndiyo maana inashawishi. Ikivutwa na injini na kuungua inatoa haidrojeni floridi, asidi inayokula mapafu na chuma. Tena inapasha joto dunia mara 1,430 kuliko hewa ukaa kwa uzito uleule, na kuipunguza ni sehemu ya makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016. Isimwagwe hewani. Nitrasi, ile wanayoiita nosi, ni habari nyingine kabisa: inaingizwa ndani, inachemka kwa nyuzi 88 chini ya sifuri, na asilimia 36 ya uzito wake ni oksijeni, kwa hiyo inapoza na kulisha moto kwa pamoja. Wajerumani waliitumia kwenye ndege za kivita katika Vita vya Pili vya Dunia kwa jina la GM-1. Inataka petroli yake ya nyongeza kwa kipimo, na anayeandika kuihusu aandike makala ya peke yake.

Makala ingekuwa na msaada mkubwa kama ingetaja maji. Kilo 1 ya maji ikigeuka mvuke inabeba kilojuli 2,400, mara 12 ya hewa ukaa. Kazi tuliyotaka gramu 38 za gesi kwa sekunde inafanywa na gramu 3 na kidogo za maji, hata ukihesabu kwamba nusu yanadondoka bila kugeuka mvuke. Tangi la lita 4 linakupa dakika 20. Ndiyo maana baadhi ya Impreza STI na Lancer Evolution zilitoka kiwandani na kipulizio cha maji kwenye intakula. Pampu ya maji ya kioo, tangi lake, nozeli mbili zenye kutoa ukungu badala ya mkondo, na maji yasiyo na chumvi, yasiache magadi kwenye mapezi. Maji hayawezi kushusha intakula chini ya joto la kitambaa chenye maji kilichoanikwa kwenye upepo, ambalo kwetu ni kama nyuzi 26 siku ya joto na unyevu, lakini wewe unatoka 58. Kwa Kitonga hii ndiyo dawa.

Mwenye intakula ya maji, ile inayopozwa na maji badala ya upepo, ana dawa rahisi kuliko zote. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka zinabeba kilojuli 3,340. Mtungi mzima wa kilo 5 wa hewa ukaa unabeba kilojuli 1,000. Barafu ya soko la Feri, ile wanayohifadhia samaki, itie kwenye tangi kabla ya mbio. Na anayetaka gesi iliyoshindiliwa ambayo haiishi, Dodge Challenger SRT Demon ya mwaka 2018 ilionyesha njia: gesi ya AC ya gari lenyewe inaelekezwa kupoza maji ya intakula, inazunguka na kurudi kwenye kompresa, haimwagwi popote.

Ndugu Mhariri, mchoro ule wa ukurasa wa magari una nozeli ndani ya paipu na mtungi nyuma ya kiti. Tunakuomba uchapishwe upya nozeli ikiwa nje ya intakula, vali ya kupunguzia presha ikionekana kwenye mpira, na bomba la kisahani cha usalama likitokea chini ya gari. Na kwa aliyekwisha kufunga kama ulivyochorwa: kabla ya kugusa spana, fungua milango yote minne, vaa glavu nene na miwani, funga vali ya mtungi, kisha bonyeza swichi mpaka mpira uishe gesi na nozeli zinyamaze kabisa.

Mafundi wa injini za turbo,
Gerezani, Dar es Salaam.